Mwaka mmoja na huduma ya kuwaandaa wahitimu wanaoomba kusomea udaktari

Nilijiandikisha katika huduma hii ya maandalizi nikiwa na shahada ya uhasibu na miaka mitano ya kazi ya ukaguzi wa hesabu, nikiwa nimekwisha kuamua kwamba nataka kusomea udaktari lakini sijui hata nianzie wapi. Kwa mwaka mzima nimetumia kila kilichomo katika kifurushi chake kikubwa: ushauri wa kuchagua vyuo, masomo ya sayansi pamoja na mitihani ya kujipima, usahihishaji wa insha za mtihani, uhariri wa maelezo binafsi, na mazoezi ya usaili. Viwili vya mwisho vilinifaa kuliko nilivyotarajia, usahihishaji wa insha ulikuwa wa kuridhisha, na viwili vya mwanzo nisingemshauri mhitimu yeyote avilipie. Kwa kuwa nina malalamiko mazito, jina la huduma nimeona nisiliweke hapa. Huduma za namna hii zinafanana sana, na maswali niliyochelewa kuyauliza yatamfaa hata anayefikiria kununua nyingine.

Niseme kwanza kipimo ninachotumia, kwa sababu huduma yenyewe inajitangaza kuwa ni ya wahitimu. Kuingia udaktari baada ya shahada nyingine si jambo geni. Nchini Marekani ndiyo njia ya kawaida, na karibu kila anayeingia huwa amemaliza shahada ya kwanza na kufanya MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari. Nchini Australia, Chuo Kikuu cha Flinders kilianzisha programu ya wahitimu mwaka 1996, na Uingereza ikafuata mwaka 2000 kwa kozi za miaka minne, yaani pungufu ya mwaka mmoja au miwili ikilinganishwa na ile ya wanaotoka sekondari. Njia ipo, lakini mwombaji anayeipita huulizwa swali ambalo kijana wa miaka kumi na minane haulizwi. Kijana anatakiwa aonyeshe kwamba ataumudu udaktari. Mhitimu anatakiwa aonyeshe hilo, kisha aeleze kwa nini anaacha alichokisomea, kwa nini sasa, na alichokisomea atakifanyia nini. Huduma inayodai kumwandaa mhitimu bila kumwandaa kwa swali hilo inamuuzia vitu vya mtu mwingine.

Kikao cha ushauri wa vyuo, ambacho ndicho kinachofungua kifurushi, kilikuwa dhaifu kupita yote. Nilikuwa naomba vyuo vya Uingereza, ambako maombi yote hupitia UCAS, taasisi inayopokea maombi ya vyuo vyote vya huko, na mwombaji wa udaktari huruhusiwa kuchagua vyuo vinne tu. Mshauri alinisomea majina manne kwa haraka, akanitakia heri. Nilipokaa na ukurasa wa kila chuo kwa jioni mbili, niligundua kwamba kimoja kati ya vile vinne kilitaka shahada yenye sayansi ndani yake, na mimi wa uhasibu nisingepita hata mchujo wa kwanza. Kati ya vitatu vilivyobaki, viwili vilitaka mtihani wa kuingilia uitwao GAMSAT na kimoja kilitaka UCAT, ambao ni mtihani tofauti kabisa, hufanywa mara moja tu kwa msimu mmoja wa maombi, na dirisha la kuufanya hufungwa kabla ya maombi hayajafungwa. Mshauri hakulitaja hilo. Hakunitajia pia kwamba mhitimu anaweza kuomba kozi ya kawaida ya miaka mitano pamoja na ile ya minne, wala kwamba Chuo Kikuu cha Warwick, ambacho kozi yake ya udaktari ni ya wahitimu peke yao, hupokea wahitimu wa fani yoyote. Unapokuwa na nafasi nne, chaguo moja la kubahatisha ni robo ya maombi yako imepotea, na mwaka mwingine hauji kwa bei rahisi kwa mtu aliyekwisha kuaga kazini.

Jambo lililonisikitisha zaidi katika sehemu hiyo ni kwamba vifaa vyake vilikuwa vimepitwa na wakati. Nilikuta masomo kumi na mawili ya BMAT, mtihani mwingine wa kuingilia udaktari, ilhali mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Masomo ya UCAT bado yalikuwa na mazoezi ya kutambua ruwaza za maumbo, kipengele ambacho kiliondolewa kuanzia mwaka 2025. Mtu mgeni hawezi kujua. Atakaa wiki mbili anahangaika na pembetatu na miraba ambayo hataiona kwenye mtihani, na wiki hizo atakuwa ameinyang'anya kemia. Niliwaandikia, wakanishukuru, na miezi minne baadaye masomo yale yalikuwa bado yapo. Kwa hiyo kabla hujalipa popote, omba uonyeshwe orodha ya masomo, kisha ilinganishe na tangazo la mwaka huu la wenye mtihani wenyewe.

Mtihani nilioamua kuufanya ni GAMSAT, unaotayarishwa na ACER, shirika la utafiti wa elimu la Australia, na kutumiwa na vyuo vya Australia, Ireland na baadhi ya vile vya Uingereza. Ulinivutia kwa sababu hauulizi shahada yako ni ya nini. Una sehemu tatu: maswali 62 ya kufikiri kwa kutumia matini za fasihi na sayansi ya jamii, insha mbili kwa dakika 65, na maswali 75 ya sayansi ambayo ndani yake baiolojia na kemia huchukua asilimia 40 kila moja na fizikia asilimia 20. Kikokotoo hakiruhusiwi. Alama ya jumla kwa kawaida huhesabiwa kwa kuipa sehemu ya sayansi uzito maradufu, na hapo ndipo mtu wa uhasibu anapopatwa na baridi ya tumbo.

Masomo ya video ya sayansi yanafundishwa vizuri, hilo nawapa. Mwalimu wa kemia hasa ana subira, na somo lake la asidi na besi nililisikiliza mara tatu mpaka logi zikaniingia kichwani. Tatizo ni mitihani ya kujipima, ambayo inapima mambo mengine. Swali la kwanza nililokutana nalo lilinitaka nitaje homoni zinazotolewa na kongosho. Niliwahi kuzikariri, nikajibu, nikapata alama, nikafurahi. Kisha nikanunua vitabu vya mazoezi vya ACER wenyewe na furaha ikaisha siku hiyo hiyo. Huko hukuti swali la kutaja. Unapewa aya mbili juu ya kimeng'enya ambacho hujawahi kukisikia, grafu yenye mistari mitatu inayokatana, kisha unaulizwa mstari upi ungeshuka kama joto lingeongezwa na kwa nini mwingine usingebadilika. Anayekijua kimeng'enya na asiyekijua wako karibu sawa. Anayeshinda ni yule anayeweza kuisoma grafu akiwa ametulia, akakadiria mgawanyo kichwani, na akaenda swali linalofuata baada ya dakika mbili bila kugeuka nyuma. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimejipima kwa kipimo kibovu, na alama za asilimia themanini nilizokuwa nazipata kwao zilinidanganya kuhusu nilipokuwa. Mtu wa fani isiyo ya sayansi atapata faida kubwa zaidi kwa kitabu kizuri cha baiolojia na kemia ya mwaka wa kwanza wa chuo, fizikia ya kidato cha sita, na mazoezi ya wenye mtihani, kuliko kwa mitihani ya huduma hii.

Usahihishaji wa insha nauweka katikati. Katika mtihani hupewa mafungu mawili ya nukuu, moja likielekea masuala ya jamii na jingine mambo ya mtu binafsi na mahusiano, na kila fungu linataka insha yake. Niliwapelekea insha ishirini na mbili, zikarudi ndani ya siku tatu kila mara bila kukosa. Msahihishaji mmoja alikuwa na jicho kali: aliniandikia kwamba katika kila insha nilikuwa nafungua hoja nne na kuziacha zote nusu njia, akaniamuru nichague moja na niifuate hadi ikatae kwenda. Ushauri huo ulizibadilisha insha zangu ndani ya wiki mbili. Msahihishaji mwingine alikuwa anaandika "nzuri sana, endelea" na kunipa alama. Ukipangiwa wa pili, omba ubadilishiwe, wanakubali ukiomba.

Sasa nifike kwenye uhariri wa maelezo binafsi, ambao peke yake ungenifanya niisifu huduma hii. Kuanzia maombi ya kuingia mwaka 2026, UCAS imeacha ile insha moja ndefu na kuweka maswali matatu: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na umefanya nini kingine nje ya masomo kujiandaa. Herufi zote pamoja na nafasi zake zisizidi 4,000. Ofisi ya huduma ilinitumia kwanza kiolezo cha zamani, cha insha moja, kikiwa na sentensi za kujaza kama fomu ya benki, na pamoja nacho ofa ya kuandikiwa maelezo yote na mtu wao. Ofa hiyo niliikataa, na kila atakayeipata namsihi aikatae. Si suala la uaminifu tu, ingawa hilo lingetosha. UCAS hulinganisha maandishi ya waombaji kwa programu ya kugundua yanayofanana, na mwaka 2007 uchunguzi wake uliwakuta waombaji 234 wakisimulia kisa kilekile cha kuunguza pajama zao wakiwa na umri wa miaka minane. Mtu anayeomba kuaminiwa na uhai wa wengine asianze kwa kuazima utoto wa mtu.

Mhariri niliyepangiwa alikuwa daktari ambaye mwenyewe aliingia udaktari baada ya shahada ya lugha. Rasimu yangu ya kwanza ilianza kwa maneno haya: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwa daktari." Alipiga mstari chini yake na kuandika pembeni: "Kama ni tangu utotoni, uhasibu uliusoma kwa nini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu haikuwa kweli. Alinipigia simu, akaniuliza ni siku gani hasa kazi yangu ilipoanza kunibana. Nikamwambia habari ya ghala la dawa nililowahi kulikagua. Daftari lilionyesha chupa sitini za insulini. Nikafungua jokofu, nikahesabu sitini, nikatia tiki. Muuguzi aliyesimama nyuma yangu akanigusa bega na kunionyesha kipimajoto kilichofungwa kwa uzi kwenye mlango wa jokofu. Kilisoma nyuzi 34. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na hakuna aliyejua jokofu lile lilikuwa limezimika kwa siku ngapi. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na hakuna chupa hata moja ambayo muuguzi angethubutu kumpa mgonjwa. Wiki zilizofuata nilikuwa narudi kumuuliza muuguzi yule maswali yasiyohusu ukaguzi: joto linaifanya nini insulini, na mgonjwa atajuaje.

Mhariri akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hayo ndiyo uandike, na uyaandike kwa urefu huo huo ulionisimulia." Tulirudiana rasimu sita. Katika swali la kwanza nikaliweka ghala. Katika la pili alinikataza kuuficha uhasibu kana kwamba ni kosa la ujana. Alitaka nionyeshe unanipa nini, na nikaandika juu ya kuzoea kutafuta kile ambacho takwimu inakificha. Katika la tatu nilikuwa nimejaza orodha ya shughuli kumi, akazifuta nane. Iliyobaki kwa urefu ni kazi yangu ya kujitolea katika nyumba ya kutunzia wazee, Jumamosi kwa miezi kumi na minne, na alinilazimisha kuandika kile nilichokifanya kwa mikono yangu badala ya kile nilichojifunza: kulisha, kubadilisha shuka, kukaa na mzee asiyelala. Alikuwa akiniambia kwamba wasomaji wa maombi wamekwisha kusoma neno "huruma" mara elfu, na kwamba shuka lililobadilishwa saa kumi alfajiri wanaliamini zaidi. Hakuandika sentensi hata moja kwa niaba yangu. Kazi yake ilikuwa kuuliza, na aliuliza mpaka nikachoka, na ndiyo maana nilipofika kwenye usaili hapakuwa na mstari katika maelezo yangu ambao nisingeweza kuutetea.

Mkufunzi wa mazoezi ya usaili anastahili sifa za pekee. Vyuo vingi sasa hutumia usaili wa vituo, mtindo uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Canada mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu usaili wa jopo moja uliegemea mno bahati ya nani amekusaili. Unapita vituo kadhaa, kila kimoja na msaili wake. Unasoma karatasi mlangoni kwa muda mfupi, unaingia, una dakika chache, kengele inalia, unatoka na kuanza upya kwa mtu asiyejua kama umetoka kuharibu. Katika zoezi langu la kwanza nilikutana na mwigizaji aliyecheza binti aliyekuja kuchukua dawa za mama yake na kuzikosa kwa mara ya tatu. Alikuwa amekasirika na macho yamemlenga machozi. Mimi nikamweleza kwa ufasaha jinsi maagizo ya dawa yanavyokwenda, nani anaidhinisha, na malalamiko yanapelekwa wapi. Nilitoka nikiridhika.

Mkufunzi aliirudisha video na kuizima sauti. Akaniambia nimtazame binti peke yake. Kwa dakika nne uso wake ulikuwa unafungwa taratibu kama duka wakati wa magharibi. Kisha akairudisha tena kwa sauti na kunitaka nihesabu maswali niliyomuuliza. Nilihesabu moja, na lilikuwa "Umeelewa?" Sikuwa nimemuuliza mama yake anaumwa nini, wala kama amekunywa dawa yoyote tangu jana. Nimekuwa nikifanya kazi na watu kwa miaka mitano na hakuna aliyewahi kunionyesha hilo. Vikao vitano vilivyofuata vilikuwa vya jambo hilo hilo katika sura mbalimbali: mwenzako ananukia pombe kazini, jirani anakuomba ushauri kuhusu uvimbe, mwanafunzi analia kwa kufeli. Mkufunzi alinizuia kukariri majibu ya maadili ya udaktari, ingawa alihakikisha nayajua. Alikuwa akirudia kwamba mhitimu ana hatari yake: amezoea kuwa mtu mwenye majibu kazini, hivyo huingia kituoni akiwa na utaalamu mwingi na masikio machache.

Kasoro ya sehemu hii ni ndogo lakini inakera. Vikao vya usaili hufunguliwa tu kwa aliyenunua kifurushi kizima, na ratiba yake hujaa mapema sana, hivi kwamba aliyepata mwaliko wa usaili ghafla anaweza kusubiri wiki tatu. Kuna pia ahadi yao ya kurudisha fedha usipodahiliwa. Isome mpaka mwisho: inakutaka uwe umetazama karibu video zote, ukiwemo ule mzigo wa BMAT, na uwe umeomba vyuo walivyokupangia wao. Mimi niliyeacha chuo kimoja chao kwa sababu kisingenipokea nilikuwa nimeipoteza haki hiyo tangu siku ile.

Nilipata usaili kwenye vyuo viwili na nafasi kwenye kimoja. Kwa mtu mwenye shahada ya sayansi na alama nzuri za mtihani, sidhani kama kuna sababu ya kulipia zaidi ya uhariri na usaili. Kwa mtu wa fani nyingine kama mimi, ningeshauri aanze sayansi kwa vitabu mwaka mmoja na nusu kabla ya maombi, apate mahali pa kuhudumia watu kwa mikono yake mapema kabla ya yote, achague vyuo mwenyewe kwa kusoma masharti ya kila kimoja, akikumbuka kwamba UCAS hufunga maombi ya udaktari tarehe 15 Oktoba, yaani miezi mitatu hivi kabla ya kozi nyingi nyingine. Baada ya hapo ndipo amtafute mhariri anayeuliza na mkufunzi anayezima sauti.

Wiki moja baada ya majibu kutoka, mkufunzi wa usaili aliniandikia. Alitaka kujua ni kituo kipi kilichonikwamisha ili alitengenezee zoezi kabla ya msimu ujao. Nilimweleza kituo cha kusoma chati ya dawa kwa sauti mbele ya mgonjwa asiyejua kusoma, nikamwomba pia apeleke ofisini ombi la kuuza vikao vyake peke yake, bila kifurushi. Amenijibu kwamba la kwanza amelianza tayari, na la pili ameliwasilisha mara ya tatu sasa na atalirudia.